Nendeni Kungali Mchana

Ndugu zangu, nawaandikia juu ya ugonjwa mmoja, na ndani ya ugonjwa huo juu ya jambo moja: wakati. Upo uvimbe unaoota chini ya ubongo, nyuma ya pua, katika tezi iitwayo pituitari. Mara nyingi sana si saratani, hausambai mwilini, na mkono wa daktari unaufikia. Lakini ukiachwa ukapanda juu, unapofusha, na upofu huo ukishakomaa hakuna kisu wala kidonge kinachoweza kuuondoa. Wapo ndugu zetu wanaoongozwa kwa mkono leo hii ambao walikuwa na barua ya rufaa kabatini. Walikuwa na picha ya MRI ndani ya bahasha, imeegemezwa nyuma ya televisheni. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwa sauti ya kutosha kwamba jicho haliwezi kungoja mavuno, wala ada ya shule, wala kikao cha ukoo cha mwezi ujao.

Ninyi mnaosoma haya, nisikilizeni.

Tezi ya pituitari ina uzito wa kama nusu gramu tu. Imekaa ndani ya kishimo cha mfupa katika sakafu ya fuvu, na kutoka hapo inaziamrisha tezi za mwili mzima: ya shingoni, zile zilizo juu ya figo, za uzazi, inaamua mtoto arefuke kiasi gani na mama atoe maziwa lini. Juu yake, kwa umbali wa kama sentimita moja, hukutana neva mbili, yaani mishipa ya fahamu, zinazotoka machoni. Kila neva ina nyuzi zaidi ya milioni moja. Nyuzi zinazobeba habari za upande wa nje wa kila jicho, upande wa sikio, huvukana pale pale katikati, juu ya tezi. Uvimbe unapopanda, hizo za katikati ndizo huumia kwanza. Kwa hiyo mgonjwa hapotezi kuona mbele. Anapoteza pembeni, kulia kwa jicho la kulia na kushoto kwa jicho la kushoto, na mara nyingi giza huanzia juu likishuka chini.

Ndiyo maana ugonjwa huu hauingii kwa kishindo. Mtu anaanza kugonga bega kwenye fremu ya mlango. Dereva wa bodaboda anashangaa gari limetokea wapi. Sekunde moja nyuma halikuwapo, na sasa liko ubavuni. Mama anamwaga chai kwa sababu mkono wa mtoto uliingia kutoka pembeni bila yeye kuuona. Mtaani wanamsema ana maringo, anapita watu bila salamu. Fundi cherehani anashindwa kutunga uzi ingawa sindano anaiona vizuri kabisa, kwa kuwa macho mawili yakielekezwa kwenye tundu la sindano, kilicho nyuma yake kidogo tu kinaangukia katika zile pande mbili zilizozimika. Msomaji anaona mistari ikiteleza, herufi moja ikijirudia, nyingine ikimezwa. Na kila mmoja wao ana maelezo yake: nimechoka, nazeeka, taa ya chumba ni hafifu.

Wengine hupata dalili za mapema kutoka kwenye homoni. Hedhi inakatika, au maziwa yanatoka na hakuna mtoto mchanga nyumbani. Mwanamume anaishiwa nguvu za kiume na ndevu zinapungua. Mwingine pete haivuki tena kifundo cha kidole, kiatu cha mwaka jana kinabana, taya linasogea mbele. Dalili hizi zinafichwa kwa aibu, ndoa inatikisika, na mara nyingine anatafutwa mchawi. Dada yangu, kaka yangu, hakuna aibu katika tezi. Sema. Tena ujue kwamba uvimbe mwingi unaofika machoni ni wa aina isiyomwaga homoni yoyote ya ziada. Huo hukua kimya miaka na miaka, na kelele yake ya kwanza ni jicho.

Nawageukia ninyi mnaopima macho, wa hospitali na wa maduka ya miwani, na ninawasihi kwa heshima yote ya kazi yenu. Ubao wa herufi unapima katikati ya jicho peke yake. Mtu anayebanwa na uvimbe anaweza kusoma mstari wa chini kabisa, mkaandika 6/6, naye nusu ya dunia yake imekwisha kwenda. Msimwuzie miwani ya tatu mtu aliyewaambia kwamba ya pili haikumsaidia. Msiondoe mtoto wa jicho aliye mchanga mkadhani mmemaliza kazi. Mkimwona mtu ambaye macho yote mawili yamepungua upande wa nje, na mpaka wa giza umenyooka kutoka juu hadi chini, msiseme presha ya macho na kumpa matone. Mwandikieni MRI ya kichwa siku hiyo hiyo, na kwenye karatasi tajeni tezi ya pituitari kwa jina, ili mpiga picha ajue aangalie wapi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme wala bajeti. Keti mbele ya mgonjwa, magoti yakaribie kugusana. Yeye afumbe jicho la kushoto, wewe ufumbe la kulia, atazame jicho lako lililo wazi bila kuhama. Leta kidole kutoka pembeni, katikati yenu, juu kisha chini, kulia kisha kushoto, naye aseme akikiona. Wewe ukikiona naye bado, umepata habari. Halafu chukua kizibo chekundu cha chupa, kiweke upande wa pua, kisha upande wa sikio, umuulize kama wekundu ni ule ule. Neva inayobanwa huupoteza wekundu kabla ya kupoteza umbo. Mgonjwa atasema upande wa nje ni wa kahawia, au umefifia. Baadaye ile mashine ya vimulimuli, ambayo mgonjwa anabonyeza kitufe kila akiona nuru, itachora ramani kamili, na ramani hiyo ndiyo itakayolinganishwa mwezi hadi mwezi. Muuguzi wa zahanati anaweza kufanya hiki cha vidole. Mwalimu anaweza. Wewe unayesoma unaweza, kabla hujalala.

Sasa nieleze kwa nini napiga kelele.

Neva iliyobanwa haifi siku ya kwanza. Kwanza inazimia: nyuzi ziko hai lakini hazipitishi habari. Kisha utando wa mafuta unaozivika nyuzi unaanza kuvuliwa. Kisha mbano ukiendelea na damu ikipungua, nyuzi zenyewe hufa, na seli zake zilizoko nyuma ya jicho hufa nazo, wala hazioti tena. Umewahi kuinua bati lililosahauliwa juu ya nyasi? Likikaa wiki, unakuta nyasi zimepauka, na zikipata jua zinarudi. Likikaa msimu mzima, unainua bati unakuta udongo mtupu. Bati ni lile lile, uzito ni ule ule. Kilichotofautiana ni siku. Na mpauko huo daktari wa macho huuona hasa, kwa tochi yake, ndani ya jicho: kichwa cha neva, ambacho hupaswa kuwa na rangi ya waridi, kimekuwa cheupe. Katika kliniki kubwa ipo mashine iitwayo OCT inayopima unene wa safu ya nyuzi. Safu ikiwa bado nene, tumaini la kurudishiwa kuona ni kubwa hata kama kwa sasa mgonjwa haoni vizuri. Ikiwa imekonda, upasuaji utalinda kilichobaki, lakini mengi ya yaliyopotea hayatarudi.

Hapo ndipo linapopatikana jibu la swali ambalo familia nyingi huuliza kwa uchungu: kwa nini jirani alipasuliwa akaamka anaona, na wetu akapasuliwa akabaki vile vile? Madaktari wangeweza kuwa wale wale na uvimbe ukawa na ukubwa ule ule. Nyuzi zilizozimia tu huamka ndani ya saa au siku chache baada ya mbano kuondolewa. Wapo wanaofumbua macho baada ya nusu kaputi wakaona ukuta wa wodi upande ambao jana haukuwapo. Nyuzi zilizovuliwa utando huchukua wiki na miezi, maana utando unajengwa upya polepole, na wengine huendelea kupata nafuu hata baada ya mwaka. Nyuzi zilizokufa hazina miezi. Ndugu zangu, mgonjwa wenu yuko katika hatua gani kati ya hizo tatu? Hamjui. Na kwa kuwa hamjui, mnawezaje kuahirisha?

Basi tuzungumze habari za siku zenyewe, na hapa nitakwenda polepole.

Ipo hali inayohesabiwa kwa saa. Uvimbe unaweza kuvuja damu ndani yake, au kukatikiwa na damu, ukafura ghafla. Kichwa kinauma kwa namna ambayo mgonjwa hajawahi kuijua maishani. Anatapika. Kope moja inaanguka, anaona vitu viwili viwili, kuona kunashuka asubuhi hadi jioni, fahamu zinapungua. Wengi wa hawa huambiwa ni malaria kali, au homa ya uti wa mgongo, au kipandauso. Ninyi mlio zamu ya usiku, mkiona maumivu ya ghafla ya kichwa pamoja na jicho lililobadilika, wazeni tezi hii. Na jambo la kwanza si kisu. Tezi ikipigwa namna hiyo, mwili unakosa homoni ya kotisoli, presha inaporomoka, na mtu anaweza kufa kabla hata ya kufika kwenye mashine ya picha. Apewe haidrokotisoni kwa mshipa, na maji, mara moja, halafu ndipo gari liondoke. Ikiwa kuona kumeharibika vibaya au kunaendelea kushuka, apasuliwe mapema. Mwongozo wa madaktari wa Uingereza uliotolewa mwaka 2011 unataka iwe ndani ya siku 7 za kwanza ikiwezekana. Siku 7 hizo ni za kupima, kutuliza na kupasua, si za kutafuta nauli. Mgonjwa aliyeko Sumbawanga au Kigoma anahitaji rufaa ya usiku ule ule. Tena msikate tamaa kwa sababu ameshaacha kuona kabisa. Wapo waliokuwa gizani kabisa katika siku hizo za kwanza na nuru ikawarudia kwa sababu hawakuachwa.

Hali ya pili ni ya wiki, na humu ndimo watu wengi wanamopotelea, kwa sababu hakuna anayelia, hakuna anayeanguka, na king'ora hakisikiki. MRI imeonyesha uvimbe umeinua neva. Ramani ya kuona imeonyesha mapengo. Mgonjwa anakula, anatembea, anacheka. Hapo familia inasema tujipange. Jipangeni, lakini kwa wiki. Kama ramani ya leo ni mbaya kuliko ya wiki mbili zilizopita, au kama rangi zinafifia na herufi za katikati nazo zimeanza kukimbia, basi ni suala la siku. Ukipewa tarehe ya miezi sita ijayo nawe unaona unapoteza, usiipokee kwa kuinamisha kichwa. Uliza. Rudi. Sema kwa maneno haya: "Daktari, kuona kwangu kunapungua kila wiki." Sentensi hiyo inapaswa kumhamisha mtu kwenye orodha, na kama haikumhamisha, irudie kwa daktari mwingine.

Yuko na yule ambaye uvimbe umegusa neva lakini macho bado ni mazima. Huyu akae na daktari wake wapime pamoja: unakua au umetulia, ana umri gani, moyo na mapafu yake yakoje, anatarajia kubeba mimba au la. Kwa wengi wenye afya ya kustahimili upasuaji, ushauri huwa ni kutongoja mpaka macho yaharibike. Wakikubaliana kusubiri, kusubiri huko kuwe na kalenda: ramani ya kuona kila baada ya miezi michache, bila kukosa hata mara moja. Na yule ambaye uvimbe wake haufiki milimita 10 na uko mbali na neva, alale usingizi; kwa kawaida MRI yake itarudiwa baada ya mwaka, na ya mwenye milimita 10 au zaidi baada ya miezi 6. Sipendi kumtisha mtu asiyestahili kutishwa.

Lakini nitakuwa nimetenda vibaya nikiwahimiza wote kisuni bila kuwaambia habari ya prolaktini. Ipo aina ya uvimbe wa tezi hii unaotengeneza kwa wingi homoni ya maziwa, prolaktini, na huo hunywea kwa vidonge. Kabagolini humezwa mara moja au mbili kwa wiki. Bromokriptini, ndugu yake mkubwa, kila siku. Kwa uvimbe huu vidonge ndivyo tiba ya kwanza hata kama macho yameshaguswa, na mara nyingi kuona huanza kurudi ndani ya siku au wiki chache, bila mtu kulazwa mezani. Ndiyo maana kipimo cha damu cha prolaktini ni lazima kabla ya kisu chochote. Atakayekupeleka chumba cha upasuaji bila kipimo hicho, na huku muda wa kukifanya upo, mwombe asimame kwanza.

Hapa pana mitego miwili ambayo kila familia inafaa kuijua. Uvimbe wa aina nyingine, kwa kubana tu njia ya mawasiliano kati ya ubongo na tezi, unaweza kupandisha prolaktini kidogo. Mtu akapewa vidonge, prolaktini ikashuka, kila mmoja akafurahi, huku uvimbe unaendelea kukua na macho yanaendelea kwenda. Na upande wa pili, uvimbe mkubwa sana wa prolaktini unaweza kuizidi nguvu mashine ya maabara mpaka ikatoa namba ndogo ya uongo. Maabara ikiizimua damu ile na kupima tena, namba ya kweli inatokea. Kwa hiyo aliyeanzishiwa vidonge apimwe ramani ya kuona baada ya wiki chache. Inapanuka? Mshukuruni Mungu, endeleeni. Haipanuki, au inapungua? Rudini kwa mpasuaji. Na mama mjamzito mwenye uvimbe huu, ambao unaweza kukua wakati wa mimba, akianza kuumwa kichwa kipya au kugonga milango, asiambiwe ni uchovu wa ujauzito.

Najua kinachowazuia wengi. Ni hofu ya kupasuliwa kichwa. Basi sikieni: kwa wagonjwa walio wengi fuvu halifunguliwi. Mpasuaji anapita puani. Mwaka 1907, kule Innsbruck nchini Austria, daktari Hermann Schloffer alikuwa wa kwanza kuufikia uvimbe huu kwa njia ya pua, na ilimbidi aifungue pua kwa nje na kuigeuza upande. Kati ya mwaka 1910 na 1925, Harvey Cushing wa Marekani aliwapasua kwa njia ya pua wagonjwa 231, na waliofariki hawakufika 6 kati ya kila 100. Tafakarini mtu huyo alikuwa na nini mkononi. Penisilini ilikuwa haijagunduliwa. Haidrokotisoni ilikuwa haijatengenezwa. MRI haikuwapo; alichokuwa nacho kumwonyesha uvimbe ni picha hafifu ya eksirei na ramani za kuona zilizochorwa kwa mkono, nukta kwa nukta, ambazo yeye na mwenzake Clifford Walker walizitolea maandiko mwaka 1915. Katika miaka ya 1960 Jules Hardy wa Montreal akaleta hadubini mezani. Leo kamera nyembamba inaingia kwenye tundu la pua, na katika vituo vyenye uzoefu vifo havifiki hata mmoja kati ya 100. Wagonjwa wa Cushing walikwenda wakiwa na sababu zote za kuogopa, lakini walikwenda.

Na hatuhitaji kuvuka bahari kwanza. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili, ambako pamoja na mifupa hupasuliwa ubongo. Nairobi ipo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kampala ipo Mulago. Uliza daktari anayefanya upasuaji wa tezi hii mara kwa mara, maana mkono uliozoea ni sehemu ya tiba. Lakini usiyatumie maswali hayo kama kichaka cha kujifichia miezi mitatu.

Halafu kuna kikao cha ukoo. Ninakiheshimu. Mzee akizungumza, vijana tunanyamaza. Lakini nimesikia katika vikao hivyo methali yetu ya haraka haraka haina baraka ikiletwa mbele ya mgonjwa ambaye kila Jumapili anaona kidogo kuliko Jumapili iliyotangulia. Wazee wangu, baba zangu, mama zangu, methali hiyo ilisemwa kwa mtu anayekimbilia mali na ndoa. Haikusemwa kwa neva. Fupisheni kikao. Anayetaka kuchanga achange leo, na kilichopungua kitafutwe mgonjwa akiwa tayari wodini. Mwiteni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, elezeni hali yenu bila kuona haya. Yuko pale kwa kazi hiyo.

Na sasa ninasema na watumishi wenzangu wa madhabahuni, kwa sababu neno hili likitoka kwa daktari peke yake mtasema anadharau imani. Mimi ninaomba. Nimewawekea wagonjwa mikono na nitaendelea. Lakini kumfungia mtu katika maombi ya siku 21 huku akipoteza kuona, mkimwambia kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani, hilo ni kumnyang'anya macho kwa jina la Mungu, na Mungu hakulituma. Mkumbukeni Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko. Umati ulimkemea anyamaze, naye akazidi kupaza sauti, na alipoulizwa anataka nini, hakuzunguka: alitaka kuona. Bwana hakumkemea kwa kelele zake. Sisi tusiwe ule umati. Ndugu zetu Waislamu nao wanazijua habari za Nabii Yaakub, ambaye macho yake yalipotea kwa huzuni na Mwenyezi Mungu akayarejesha kwa kupitia kanzu iliyobebwa na mikono ya watu. Kama rehema iliweza kupita katika kitambaa, kwa nini tuikatae ikipita katika kamera ya mpasuaji? Mwombeeni mgonjwa asubuhi, na saa mbili awe kwenye basi. Mwombeeni tena akiwa mezani.

Baada ya upasuaji, maneno machache, maana kazi haijaisha. Asipenge kamasi wala kuinua mizigo kwa wiki za mwanzo. Maji meupe yakichuruzika puani, arudi hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo. Akipata kiu isiyokatika na mkojo mwingi mno, atoe taarifa. Karibu wiki moja baadaye chumvi ya mwili inaweza kushuka: akiona kichwa kuuma, kutapika au kuchanganyikiwa, apimwe damu, msingoje. Aliyepewa haidrokotisoni asiiache hata siku moja kwa kujiona mzima, na akiugua homa dozi huongezwa kama daktari alivyomfundisha. Ramani ya kuona na MRI zirudiwe kwa miaka, kwa kuwa uvimbe huu unaweza kurudi, na ukirudi tunataka tuukute ungali chini.

Kwenu wakuu wa hospitali nina ombi moja, na naliweka wazi. Katika orodha zenu za upasuaji, mgonjwa wa uvimbe huu ambaye macho yake yanashuka asipangwe kwa tarehe aliyofungua faili. Apangwe kwa kasi anayopoteza. Daktari wa macho, wa homoni na wa ubongo wazungumze kwa simu moja, badala ya kumtembeza mtu asiyeona pembeni katika korido tatu kwa miezi mitatu. Kila kliniki ya macho ya mkoa iwe na namba ya mpasuaji wa kumpigia. Ombi hilo halihitaji jengo jipya.

Nawe msomaji, kama uliposoma habari za bega linalogonga mlango, au sindano isiyotungika, au miwani ya pili isiyosaidia, jina la mtu fulani lilikujia, mpigie simu sasa. Usimtumie ujumbe, mpigie. Mwambie afumbe jicho moja, atazame mbele, kisha jingine, na akuambie kama pande za nje ziko sawa na za ndani. Akisita kujibu, mwambie kesho asubuhi mnakwenda hospitali pamoja, na uende naye.